Hazina za Nchi Kavu

Watu wengi wasafiripo kwa kujifurahisha hufuata sifa. Huenda Mombasa kwa ajili ya bahari, Lamu kwa ajili ya ukale wa nyumba zake, na Maasai Mara kwa ajili ya wanyama. Kufuata sifa si kosa, maana aghalabu sifa ina mzizi. Lakini sifa ni kama taa: huangaza pale ilipowekwa, na pasipowekwa taa hudhaniwa kuwa hapana kitu. Hivyo ndivyo zinavyodhaniwa Kitui na Makueni, kaunti mbili za Ukambani, mashariki mwa Kenya. Abiria atokaye Nairobi kwenda Mombasa huikata Makueni, akipita Sultan Hamud na Mtito Andei. Huona vichaka vya miiba, udongo mwekundu, mbuyu hapa na mbuyu pale, kisha huvuta pazia la dirisha akalala. Aulizwapo aliona nini njiani, hujibu kwamba hakuona kitu.

Mimi ni mwalimu wa shule. Nilipotoka chuo cha ualimu nilipelekwa kufundisha Makueni, na baada ya miaka michache nikahamishiwa Kitui. Siku moja niliwapa wanafunzi wangu insha yenye kichwa, “Mahali Ambapo Ningependa Kupazuru.” Walikuwa zaidi ya arubaini. Wengi waliandika juu ya Dubai na London, wengine juu ya Mombasa, na mmoja aliandika juu ya mwezi. Hapakuwa na hata mmoja aliyetaja kilima, mto au pango la nchi aliyozaliwa. Nilipouliza sababu, kijana mmoja alisimama kwa adabu akasema, “Mwalimu, huku kwetu hakukutokea jambo.” Wenzake hawakucheka, kwa kuwa wote waliamini hivyo. Tangu hapo nimetumia likizo zangu nyingi kutembea katika kaunti hizi mbili, na katika kurasa hizi nataka kueleza baadhi ya mambo yaliyotokea huku, na yale yanayoendelea kutokea.

Tuanze katika njia kuu yenyewe, ambamo msafiri hulala. Jina la Sultan Hamud si la Kikamba. Ni jina la Sayyid Hamud bin Mohammed, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1896 hadi mwaka 1902. Yasemekana kwamba alifika hapo mwaka 1898, wakati reli ya Uganda ilipokuwa ikijengwa, akaitazama kazi, na kituo kikapewa jina lake. Basi hapo, kati ya miiba na mbung'o, pwani na bara zilishikana mikono. Mbele zaidi, Makindu, liko hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 na watu wa jamii ile iliyotoa mafundi na vibarua wengi wa reli. Hadi leo msafiri yeyote, wa dini yoyote na wa kabila lolote, hukaribishwa humo akapewa chakula bila kulipa. Nimekula humo mara nyingi, wala sijaulizwa mimi ni nani.

Lakini miaka hiyo ya reli ina kumbukumbu nyingine ambayo haikuandikwa katika majina ya vituo. Kati ya mwaka 1897 na mwaka 1899 mvua ilikatika Ukambani, na njaa iliyofuata wazee huiita Ngomanisye. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kupungua kwa sotoka, na ndui nayo ikaja juu ya njaa. Watu wengi mno walikufa. Kwa hiyo wakati mmoja, katika nchi moja, garimoshi lilikuwa likisogea mbele kwa shangwe, na kando ya njia yake vijiji vilikuwa vikihamwa. Vitabu vya shule hueleza habari ya garimoshi kwa urefu. Ngomanisye imekaa zaidi katika vinywa vya wazee, na mzee afapo huondoka na sehemu yake.

Msafiri akiacha njia kuu karibu na Emali akaelekea kaskazini, atauona mlima wa Nzaui umejitenga na milima mingine, upande wake mmoja umechongoka kama ukuta. Kwa Wakamba huu si mlima wa kawaida. Simulizi zao za kale husema kwamba Mulungu alimshusha mume na mke wa kwanza juu ya jabali la Nzaui, na kwamba nyayo zao, pamoja na kwato za mifugo yao, zimebaki katika mwamba. Mwanafunzi wa jiografia aweza kusema kwamba alama hizo zilichongwa na mvua na upepo. Na aseme, elimu yake ni ya kweli. Lakini asisahau kwamba watu waliokaa chini ya mlima huu walijiuliza walitoka wapi, wakatafuta jibu, wakalitia mahali ambapo kila mtoto angeweza kupanda akaligusa kwa mkono. Chini ya mlima huo huo, mwaka 1895, alifika Peter Cameron Scott, akafungua kituo cha kwanza cha Misheni ya Afrika Inland. Hakukaa sana. Mwezi wa Desemba mwaka 1896 homa ilimwua.

Homa hiyo ndiyo iliyoishinda Kibwezi pia. Mwaka 1891 wamisionari wa Kiskoti, wakiongozwa na Dakta James Stewart, walijenga kituo huko kando ya njia ya misafara, mahali penye maji mazuri na miti mirefu. Waliona kivuli na chemchemi wakadhani wamepata mahali pa afya. Hawakujua kwamba mbu wa malaria naye hupenda maji yaliyotulia; ujuzi huo ulipatikana duniani mwishoni mwa karne ile. Baada ya vifo vingi walihama mwaka 1898, wakaenda Kikuyu, na huko kazi yao ikasitawi ikajulikana sana. Kibwezi walipoanzia ikasahauliwa.

Maji hayo ya Kibwezi yana habari yake, nayo ni ya ajabu kuliko zote za upande huu. Kusini magharibi mwa mji kuna safu ya vilima vya kijani viitwavyo Chyulu, vyenye kilele cha zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Ni vilima vichanga, vilivyotokana na volkano. Baadhi ya mashimo yake yalitapika moto katikati ya karne ya 19, jambo la jana tu katika umri wa dunia, na mawe meusi yaliyomwagika upande wa kusini yaliitwa Shetani na watu wa nchi. Ukitembea juu ya Chyulu wakati wa masika utalowa kwa mvua na ukungu, lakini hutaona mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Maji yote huzama. Mawe ya volkano yana matundu kama sifongo. Hunywa mvua, huichuja, kisha huitoa mbali, chini kabisa, katika chemchemi za Umani zilizo ndani ya msitu wa Kibwezi na katika chemchemi za Mzima zilizo Tsavo. Kutoka Mzima maji husafiri katika bomba hadi Mombasa. Basi mtu wa Mombasa anayefungua mfereji asubuhi huenda akanywa mvua iliyonyesha juu ya vilima ambavyo hajapata kusikia jina lake. Chini ya vilima hivyo pia mna mapango marefu, njia ambazo uji wa mawe ya moto ulipita zamani. Moja liitwalo Leviathan lina urefu wa zaidi ya kilomita 11, na ni miongoni mwa mapango marefu ya namna hiyo duniani.

Nchi hii ya chini ilikuwa makao ya faru. Baada ya mashamba ya milimani kuchakaa, serikali ya kikoloni ilitaka kufungua vichaka vya Makueni ili watu wapate kukaa. Mwindaji wake, J. A. Hunter, kati ya mwaka 1944 na mwaka 1946, aliua karibu faru 1,000. Leo faru waliosalia katika Chyulu ni wachache mno, nao hulindwa usiku na mchana. Silaumu watu waliohitaji shamba, maana mwenye njaa hana anasa ya kuchagua. Lakini nasema kwamba kazi ya miaka miwili yaweza kumaliza kilichoumbwa kwa maelfu ya miaka, na kwamba aliyelima hapo baadaye hana budi kujua bei iliyolipwa.

Sasa tuvuke mto Athi, ambao kwa sehemu kubwa ndio mpaka wa kaunti hizi mbili. Barabara ya Kibwezi kwenda Kitui huuvuka mto huo, na mara tu baada ya kuuvuka hukutana na ukuta mrefu wa mwamba, juu yake sawa kama meza, ukienda kusini na kaskazini hadi macho yashindwe. Hiyo ndiyo Yatta. Urefu wake ni karibu kilomita 300, nao ni mojawapo ya mimwagiko mirefu ya volkano duniani. Miaka zaidi ya milioni 10 iliyopita, uji wa mawe ya moto ulitoka upande wa Nairobi, ukaingia katika bonde la mto wa kale, ukalifuata bonde hilo kama maji yafuatavyo mfereji, ukapoa, ukawa mwamba. Kuta za bonde zilikuwa za mawe laini. Mvua zikazila kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, hata kuta zikaisha, na ule uliokuwa mwamba wa chini ukabaki juu peke yake. Nimewapeleka wanafunzi mara kadhaa wasimame juu ya Yatta, nikawaambia kwamba wamesimama katika sakafu ya mto. Hutazama chini, hutazama kushoto na kulia, halafu hunyamaza. Somo la mmomonyoko wa udongo halihitaji maneno mengi baada ya hapo.

Kutoka Yatta njia hupita Ikutha na Mutomo, kati ya mibuyu na vilima vya mawe matupu, hata kufika mji wa Kitui. Kilomita chache nje ya mji limesimama jabali la Nzambani, pana na refu, lenye ngazi ya chuma kwa wapandao. Wenyeji husimulia kwamba mtu alizungukaye mara saba hubadilika, mwanamume akawa mwanamke, na mwanamke akawa mwanamume. Vijana hulizunguka mara sita, kisha wakasimama wakicheka, wakisukumana nani aanze duara la saba. Kwa muda wote niliokaa karibu nalo sijamwona aliyemaliza.

Lakini kama ningeulizwa ni jambo gani moja la Kitui ambalo kila mwanafunzi wa Kenya angepaswa kulijua, nisingetaja jabali. Ningetaja jina. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 wafanyabiashara wakubwa wa bara katika sehemu hizi walikuwa Wakamba, waliochukua pembe za ndovu hadi Mombasa na kurudi na nguo, shanga na chumvi. Aliyejulikana sana miongoni mwao ni Kivoi wa Mwendwa wa Kitui. Mwaka 1849 alimpokea mgeni kutoka Rabai, Mjerumani Johann Ludwig Krapf, yule ambaye mwaka uliofuata alichapisha sarufi ya Kiswahili. Kivoi alimsimulia habari za mlima mkubwa mweupe ulioko kaskazini magharibi. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yalifunguka, na Krapf akauona mlima huo kutoka Kitui. Wakamba waliuita Kiinyaa, jina ambalo huelezwa kuwa latokana na mbuni, kwa sababu ya weusi wa mawe na weupe wa theluji vilivyochanganyika kama manyoya ya ndege huyo. Krapf aliliandika jina kama sikio lake lilivyolipokea. Likapita katika ramani, likawa jina la mlima, kisha jina la koloni, na mwaka 1963 likawa jina la taifa huru. Huko Ulaya wako wataalamu, kama William Desborough Cooley wa London, waliokataa kusadiki kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Hawakuwa wamefika. Kivoi alikuwa akijua siku zote.

Urafiki huo ulikuwa na mwisho mchungu. Mwaka 1851 Krapf alirudi Kitui, na Kivoi akafuatana naye kuelekea mto Tana. Njiani walishambuliwa na wanyang'anyi, na Kivoi akauawa. Krapf alibaki peke yake nyikani, bila chakula wala mwenyeji. Alipofika mtoni hakuwa na chombo cha kuchukulia maji, basi alijaza mfuko wa darubini yake na mtutu wa bunduki, akasafiri usiku kwa kuogopa watu. Mtu aliyeijulisha dunia jina la mlima huo aliokoka kwa maji machache ndani ya mtutu. Hivyo ndivyo nchi hii inavyomfundisha kila mtu thamani ya maji, mkubwa kwa mdogo, mgeni kwa mwenyeji.

Na hapa nafikia jambo linalonifanya niandike. Mito mingi ya Kitui na Makueni ni mito ya mchanga. Hujaa kwa siku chache wakati wa mvua, kisha hukauka, na mgeni huona barabara pana nyeupe isiyo na tone. Siku moja, katika mwezi wa ukame, nilimkuta bibi mmoja akichimba katikati ya mto wa namna hiyo. Punda wake alisimama kando na mitungi mitupu. Nilimwamkia, nikamwuliza, “Mwaitu, maji yako mbali?” Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Akajibu bila kuinua kichwa, “Hayako mbali, mwanangu. Yako chini.” Nilichukua koleo nikamsaidia. Tulichimba hata shimo likawa refu kuniliko, ndipo mchanga ukaanza kulowa, na maji yakaja polepole, safi na baridi. Akaniambia kwamba mama yake alikuwa akichimba mahali hapo kwa kibuyu tu, kina cha mkono hadi kiwiko. Nikamwuliza ni nini kilichobadilika. Akanyosha kidole kwenye ukingo, palipokuwa na alama za magurudumu ya lori.

Mchanga wa mito hii huchotwa na kupelekwa mijini kujengea nyumba. Atazamaye juu juu huona kwamba mchanga ni mwingi na hauna mwenyewe. Lakini mchanga ndio mtungi wa nchi kavu. Kati ya punje na punje maji hukaa, mbali na jua lisiyafikie na mbali na mbu wasiyazalie. Watu wenye busara wamelijua hilo. Katika mito mingi ya Ukambani vijiji vimejenga mabwawa ya mchanga: ukuta wa mawe na saruji hukingamishwa mtoni juu ya mwamba, mafuriko huleta mchanga nyuma yake, na mchanga huo hushika maji ya kiasi cha robo hadi theluthi ya ujazo wake. Nimeona bwawa moja likilisha kijiji, mifugo na bustani za mboga mpaka mvua nyingine. Mchanga ukiondolewa, mvua ile ile hunyesha, mafuriko yale yale hupita, na maji yote huenda baharini. Watu wamegombana kwa ajili ya mchanga huu, na wengine wamepoteza maisha. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuuhifadhi. Sheria ni kitu chema, lakini lori huja usiku, na sheria haina macho isipokuwa ya wenyeji.

Kijana aliyeamini kwamba kwao hakukutokea jambo hataona sababu ya kukesha akilinda mto. Atauona mchanga kuwa mchanga tu, na akipewa shilingi mia chache atashika koleo apakie lori mwenyewe. Hiyo ndiyo hatari ya kutoijua nchi yako. Mtu hulinda kile anachokijua kwa jina, na ajuaye habari za mahali huona hasara mapema kuliko asiyejua. Ndiyo sababu habari za Nzaui, za Yatta, za Chyulu na za Kivoi nimezihesabu kuwa sehemu ya maji.

Msomaji, kama unakaa mbali na Ukambani, njoo uitembelee. Usije kwa haraka. Tafuta mwenyeji akuongoze umlipe haki yake, omba ruhusa kabla ya kuingia penye mathembo, yaani mahali patakatifu pa wazee, wala usiandike jina lako juu ya jabali. Na kama umezaliwa huku, nakupa kazi ndogo ya likizo. Chukua daftari. Nenda kwa mzee aliye jirani, umwamkie ipasavyo, umwulize jina la kila kilima kinachoonekana kutoka mlangoni pake, na sababu ya jina hilo. Mwulize njaa alizoziona na majina yake. Mwulize walichimba kina gani kupata maji alipokuwa mtoto, kisha nenda mtoni ukapime kina cha leo. Andika vipimo vyote viwili, mwaka hadi mwaka, na daftari hilo ulilete shuleni.